Kule Yupo

Mwanangu wa nne wa kiume anaitwa Kule,
kama wanavyoitwa watoto wa nne kwetu Bwera.
Mwalimu mmoja mgeni, aliyekipata Kiswahili vitabuni,
alifika kwenye jina hilo katika daftari la mahudhurio
akauliza, Kule wapi?
Darasa likacheka.
Mwanangu naye alicheka, siku hiyo.

Saa kumi na mbili kasoro nimeshawasha jiko.
Uji wa mtama. Kipande cha muhogo ndani ya jani la mgomba.
Soksi zimekaukia kwenye moshi, zinanuka moshi, lakini ni kavu.
Dada yake Biira anamkagua kucha na nyuma ya masikio.
Mimi nafunga kifungo cha juu, nasema, haya,
naye anakwenda. Nimemwona kwa macho yangu,
mpaka mteremko unapomfuta: miguu, mkoba, kichwa.
Kisha nakamata toroli langu, nashuka mpakani
kusukuma magunia ya watu.

Ndipo ikaja barua yenye muhuri wa shule.
Kule hayupo. Kule hayupo.
Ijumaa sita, misalaba sita ya wino mwekundu.
Jirani hakuhitaji hata kuisoma:
Ijumaa ni siku ya gulio, mtoto keshanusa pesa, mchape.
Nilikata fimbo, sitaficha.
Niliikata ndefu.

Sikumkuta kwenye vitenge wala kwenye mawese.
Nilimkuta nyuma ya ghala la kahawa,
sare safi, kitabu gotini,
anamsomea mbuzi wa mtu aliyefungwa pale.
Ukurasa mzima, bila kukwama.
Mbuzi anatafuna, anasikiliza, hana haraka.
Mtoto aliponiona, neno likamganda kooni:
b, b, b,
na mimi nikangoja.

Kungoja pale nakujua.
Niliacha shule darasa la tano kwa sababu ya herufi moja.
Sitaitaja, bado haijanisamehe.
Toroli nililipenda kwa hilo: halimuulizi mtu jina.

Ijumaa, akaniambia vipande vipande,
ni siku ya kusimama mbele na kusoma kwa sauti,
na dawati la nyuma huhesabu
amekwama mara ngapi.
Wiki iliyopita? Kumi na tisa.

(Fimbo ile sasa inazuia mlango wa banda la kuku.)

Jumatatu nilimfuata Mwalimu Ithungu.
Tulikalia viti vya watoto, magoti karibu na videvu.
Nilichukua muda mrefu kulisema lililonileta.
Hakunimalizia sentensi. Kalamu aliilaza.
Mwishowe akasema, mimi nilidhani ni gulio.
Nikasema, ha, ha, hata mimi.
Hakuahidi muujiza. Alisema watasoma wawiliwawili,
sauti mbili juu ya mstari mmoja,
na wale mahodari wa kuhesabu
atawapa chaki za shule nzima wazihesabu.

Tangu hapo Ijumaa toroli linabaki na Mbusa kwa nusu saa.
Tunapanda, mimi na mwanangu, neno moja, hatua moja,
miguu ikiuvuta ulimi kama kamba ivutavyo ndama:
mto. umejaa. maji. ya. mlima.
Wanaotupita wanadhani tunasali.

Leo nimesimama nje ya uzio wa michongoma.
Nasikia daftari likisomwa, majina yakiitika moja moja kama bati kwenye mvua.
Kule?
Kimya.
Mmoja anaanza kucheka, anajizima.
N, n,
na mimi huku nje, peke yangu, nainua mguu
naukanyaga mavumbini, kana kwamba atausikia.
Nipo.

Ijumaa ijayo siijui.
Mwenye maharage mpakani atanifokea kwa kuchelewa,
ataniuliza nilikuwa wapi.
Nitamjibu polepole, neno zima.
Atangoja.